Jibu Lako kwa Mateso: Mwongozo kwa Aliyeumia na kwa Anayemsikiliza

Matanga yakishaanuliwa, turubai hukunjwa, viti vya kukodi hurudishwa, wageni wa Tabora na Sumbawanga hupanda magari yao, na mfiwa hubaki na usiku wake wa kwanza peke yake. Hapo ndipo linapomjia swali ambalo halikupata nafasi wakati wa kilio: yamenipata haya kwa nini, na sasa niishi kwa ajili ya nini?

Swali hilo si la wafiwa tu. Analo mchimbaji mdogo aliyeangukiwa na kifusi akavunjika mgongo. Analo binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito. Analo mzee wa Makanyagio, mjini Mpanda, aliyeambiwa na daktari kwamba saratani imeshasambaa. Kama umo katika hali ya namna hiyo, au unaishi na aliyemo, mwongozo huu ni wako.

Msimamo wake ni huu. Mateso hayaji na maana yake mkononi, na hakuna mzazi aliyefiwa na mtoto ili apate somo. Maana ni jibu ambalo mtu mwenyewe hulitoa kwa yaliyompata, taratibu, kwa matendo kuliko kwa maneno, na hakuna anayeweza kulitoa kwa niaba yake. Ikiwa wewe ni mtu wa dini, huenda unaamini kwamba Mungu anaijua sababu. Shika imani yako. Hata hivyo, sababu anayoijua Mungu ni jambo moja, na jibu unalodaiwa wewe ni jambo jingine.

Wawili waliotangulia

Katika tiba ya kisaikolojia, fundisho hili lina mwalimu wake. Viktor Frankl alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Myahudi wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1905. Kabla ya vita alikwisha kuanza kufundisha kwamba hamu kuu ya binadamu ni kuona maisha yake yana maana. Mwaka 1942 yeye, mkewe na wazazi wake walipelekwa kambi ya Theresienstadt, na baadaye yeye akapitishwa Auschwitz na kambi ndogo za Dachau. Baba, mama, kaka na mkewe waliangamia. Yeye alikombolewa Aprili 1945, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu maisha ya kambini. Tiba yake inaitwa logotherapia, yaani tiba inayoanzia kwenye maana.

Wa pili aliishi humu humu mkoani Katavi, magharibi mwa Tanzania. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara, hadi wamisionari waliokuwa Algeria walipomkomboa. Walimpeleka Malta akasomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakati misafara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma katika ukanda wa ziwa. Alitibu wagonjwa wa Karema na vijiji vyake hadi alipofariki mwaka 1956.

Utumwa wa Atiman haukuwa na heri yoyote ndani yake. Ulikuwa wizi wa mtoto. Lakini mtu aliyepangiwa bei kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka 60 kuiuguza miili ya wengine, bila kujali kama mwenye mwili ni mkubwa au mnyonge. Wema huo usiuhesabie utumwa. Ni wa Atiman mwenyewe.

Hatua ya kwanza: ondoa kinachoondoka

Frankl alilirudia jambo hili mara nyingi: kuteseka pasipo lazima si ushujaa. Maana hutafutwa katika mateso ambayo hayaepukiki. Yanayoepukika, dawa yake ni kuyaondoa.

Kama mume anakupiga, usitafute maana ya kipigo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au kwa ndugu mwenye nyumba salama. Kama unamjua mtoto anayeteswa, piga namba 116, haina malipo. Kama mguu unauma mwezi wa tatu sasa, kapimwe. Kama deni la pembejeo za tumbaku ndilo linalokunyima usingizi, kaa na viongozi wa chama chenu cha ushirika (AMCOS) mpange namna ya kulipa, kabla hujajiuliza Mungu anataka kukufundisha nini.

Chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande wa kushoto andika mambo yanayokuumiza ambayo yanaweza kubadilika, hata kwa kiasi kidogo, na mbele ya kila moja andika mtu wa kumwendea. Upande wa kulia andika yasiyobadilika: kifo, kiungo kilichokatwa, ugonjwa usiopona, miaka iliyokwisha kupotea. Upande wa kushoto unahitaji miguu yako wiki hii. Hatua zinazofuata zinahusu upande wa kulia.

Hatua ya pili: pima kama ni huzuni au ni ugonjwa

Huzuni ya kufiwa huja na kuondoka. Asubuhi unalia, mchana mtu anakuchekesha unacheka kweli, jioni unaona viatu vya marehemu mlangoni unavunjika upya. Hiyo ni kawaida hata ikichukua miezi, na haimaanishi kwamba imani yako ni haba.

Sonona ni jambo jingine. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hufurahii chochote, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakipiti, mwili umechoka bila kazi, unajiona huna thamani, au kifo kinaanza kukuvutia, usijilazimishe kutafuta maana. Ubongo uliougua hauwezi kuiona hata ikiwekwa mbele yake. Tafuta matibabu kwanza. Sonona hutibika kwa mazungumzo ya kitabibu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Watu wengi wanadhani huduma hii ipo Mirembe tu, kule Dodoma, kwa hiyo wanakaa nyumbani. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mpanda, ikihitajika. Ukifika usiseme "kichwa kinauma" ukaishia hapo, maana utapimwa malaria urudi nyumbani. Sema: "Tangu nifiwe silali, sili, na nawaza kufa." Sentensi hiyo moja inampa mganga pa kuanzia.

Na kama mawazo ya kujiua yameshaingia, usilale peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja bila mafumbo. Dawa za kuulia wadudu shambani apewe ndugu au jirani akazifungie mbali na nyumba yako. Wimbi la mawazo hayo mara nyingi hupita, na ukiwa na mtu kando yako, nayo sumu ikiwa mbali, unalipa nafasi lipite.

Hatua ya tatu: simulia maisha yote, usisimulie msiba peke yake

Mtu hawezi kulijibu jambo ambalo hajalisimulia. Tatizo ni kwamba jeraha kubwa humeza masimulizi mengine yote, hata mtu akajiona kama aliyezaliwa siku ile ya ajali.

Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya masimulizi kwa ajili ya watu waliopitia vita. Waliijaribu kwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Baadaye, katika makazi ya Nakivale, tiba hiyo ilitolewa na wakimbizi wenyewe waliofunzwa kwa wiki chache, nao wagonjwa wakapata nafuu. Kwa maneno mengine, mtu wa kawaida akifunzwa vizuri na kusimamiwa anaweza kuifanya kazi hii.

Vifaa vyake vinapatikana hata uani kwako. Kata kamba ndefu uitandaze chini. Ncha ya mwanzo ni siku uliyozaliwa. Tembea kando yake kwa kufuata miaka: penye jambo jema weka ua, penye jambo baya weka jiwe, dogo au kubwa kwa kadiri ya uzito wake. Ukifika leo, sehemu ya kamba iliyosalia iache imekunjwa, kwa sababu hiyo ni miaka ambayo bado hujaiishi. Kila ua na kila jiwe lipe jina na mwaka.

Angalia linalotokea. Aliyeanza kwa kusema "maisha yangu ni mateso matupu" analazimika kuinama kutafuta ua la siku aliyofaulu darasa la saba, la siku alipopanda treni kwenda Tabora kwa mara ya kwanza, la bibi aliyemficha asichapwe. Mawe hayapungui hata moja. Ila kila jiwe sasa lina mahali pake, lina kabla yake na lina baada yake, na aliyekuwa akiliona jiwe tu anaiona kamba nzima.

Tahadhari: kama kwenye kamba yako lipo jiwe la kubakwa, la kushuhudia mauaji au la kunusurika ajali ya kutisha, nyumbani ishia kutaja majina ya mawe. Kulichimbua jiwe zito, dakika kwa dakika, ni kazi ya kufanywa na mnasihi aliyefunzwa, ambaye hataondoka katikati ya masimulizi.

Hatua ya nne: pita njia tatu

Frankl alionyesha kwamba maana hupatikana kwa njia tatu: kwa unachokifanya, kwa unachokipenda na kukipokea, na kwa msimamo unaouchukua mbele ya lisilobadilika. Ukifungiwa moja, nyingine hubaki wazi.

*Kazi.* Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliletwa katika misitu ya Mpanda, kwanza Katumba na baadaye, kuanzia 1978, Mishamo. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, hadi makazi yakajilisha na kuuza nje. Mwaka 2010 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Jembe halikuwarudishia wafu wao. Lakini waliofika mikono mitupu, wakiishi kwa mgao, wakawa wanalisha na wengine. Jiulize: kuna kazi gani, hata ndogo, ambayo nisipoifanya mimi haitafanyika?

*Upendo na kupokea.* Asiyeweza tena kushika jembe bado anaweza kupenda na kupendwa, kusikiliza kwaya au kaswida, kumfundisha mjukuu hesabu akiwa amelala mkekani. Usiidharau njia hii kwa sababu haiingizi fedha. Jiulize: ni nani ambaye siku yake inakuwa nyepesi kwa sababu mimi nipo?

*Msimamo.* Daktari mmoja mzee alimwendea Frankl, miaka miwili baada ya kufiwa na mke aliyempenda kupita kiasi. Frankl hakumpa mawaidha. Alimuuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia, mke akabaki. Mzee akajibu kwamba mkewe angeteseka mno. Basi, Frankl akamwambia, mateso hayo mkeo ameepushwa nayo, na gharama yake unailipa wewe kwa kubaki na kumlilia. Mzee alimpa mkono akaondoka. Mke hakufufuka wala huzuni haikuisha, ila huzuni ile ilikuwa imegeuka zawadi kwa mtu anayempenda. Usilichukue swali hilo ukamuuliza kila mjane unayemjua. Lilimfaa mzee yule kwa sababu lilitoka kwenye mapenzi yake mwenyewe. Wewe jiulize: katika hili nisiloweza kulibadili, nataka wanangu wanikumbuke nililibeba vipi?

Njia hizi zinatumika hospitalini hadi leo. William Breitbart na wenzake katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, wamezigeuza kuwa mpango wa vikao 7 au 8 kwa wagonjwa ambao saratani yao imefika mbali. Jambo moja wanalofanya humo unaweza kulifanya leo na mzazi wako anayeugua: mwombe asimulie alichorithi kwa waliomlea, chema na kibaya, kisha aseme angependa kuacha nini. Mrekodi kwa simu. Mgonjwa anayefanya hivyo anafanya kazi, tena kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kumfanyia.

Hatua ya tano: ichunguze maana unayoijenga

Watu wakiumia hawakai muda mrefu bila maelezo, na si kila maelezo ni salama.

Katikati ya miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hao, Wahutu wa Burundi, huko Mishamo, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu yao. Aliwakuta wamejijengea historia nzito ya pamoja: mauaji, uhamisho na jasho la kambini vilisimuliwa kama majaribu yanayowatakasa ili siku moja warudi kwao wakiwa taifa moja. Historia hiyo iliwapa heshima na subira. Lakini pia ilimhitaji adui. Ilimweka Mtutsi katika kila ukurasa, ikampa sura moja tu. Wenzao waliokaa mjini Kigoma walijibu msiba ule ule kwa namna nyingine, wakaoa na kuolewa, wakafanya biashara, wakajichanganya na wenyeji.

Usiwahukumu waliopitia yale. Jifunze tu kwamba jeraha linaweza kujibiwa kwa namna zaidi ya moja, na kwamba jibu hurithiwa na watoto.

Nasi tuna maelezo yetu ya haraka, yale ya "nani kamroga?" Kanda ya magharibi na ya ziwa tumewapoteza bibi zetu kwa maelezo hayo, akina mama waliozeeka macho yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wakaitwa wachawi na kuuawa. Familia hupata maana ya kifo, na nyumba ya pili hupata msiba. Kwa hiyo kila unapoona maana inajitokeza, ipitishe kwenye maswali haya:

- Je, inamhitaji mtu wa kuchukiwa ili isimame?
- Je, inanilaumu kwa jambo nisilolitenda, kama vile kuniambia mtoto alikufa kwa dhambi zangu?
- Je, inanifanya nivumilie dhuluma inayoweza kukomeshwa?
- Je, inanisukuma kwa watu, au inanifungia ndani?

Maana njema hujibu hapana kwa maswali matatu ya kwanza, na katika la nne hukusukuma kwa watu. Isipofaulu, iache. Kukaa bila jibu kwa muda ni bora kuliko kushika jibu litakalomuumiza mwingine.

Kwa wewe unayemsikiliza

Huenda wewe ni katekista, mchungaji, imamu, mjumbe wa mtaa, muuguzi au rafiki tu. Jambo moja likumbuke kuliko yote: usimpe mtu maana. Hata ikiwa ya kweli, ikitoka kwako inamfunga mdomo.

Tunasema "kazi ya Mungu haina makosa", "jikaze", "mwanaume halii", "utapata mwingine" kwa nia njema. Aliyefiwa na mtoto akiambiwa atapata mwingine, anachokisikia ni kwamba huyu hakuwa na uzito. Kama yeye mwenyewe atasema ni mapenzi ya Mungu, mwitikie kwa moyo wote. Kama hajasema, usimtangulie.

Badala yake fanya haya. Mtaje marehemu kwa jina. Sema: "Niambie Joni alikuwa mtoto wa namna gani." Akinyamaza, nyamaza naye, usilijaze pengo kwa mahubiri. Akimaliza, muulize: "Kipi ni kigumu zaidi siku hizi?" Kisha: "Kipi kimekusaidia ufike hadi leo?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye mlango wa maana, na jibu lake lazima litoke kwake. Peleka pia msaada wenye mikono: maji, kuni, kupeleka mtoto shule. Na rudi baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, wakati wengine wote wamesahau.

Usifikiri kazi hii inahitaji shahada. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa mitaani Harare wawasikilize watu wenye msongo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, na kuwasaidia kulichagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa namna hiyo hawakosekani Nsimbo, Mlele wala Inyonga. Wanachohitaji ni mafunzo na mtu wa kumpelekea kesi iliyowazidi.

Anza wiki hii

Leo gawa karatasi pande mbili. Kesho mwendee mtu mmoja kwa jambo moja la upande wa kushoto. Jumamosi au Jumapili, tandaza kamba pamoja na mtu unayemwamini. Halafu chukua jambo moja la upande wa kulia, lile linalouma zaidi, uliandikie sentensi moja inayoanza hivi: "Kwa kuwa hili limetokea na halibadiliki, mimi nita..." Umalizie kwa kitendo ambacho unaweza kukifanya kabla ya mwezi kwisha, kwa ajili ya mtu mwenye jina. Kama sentensi haiji, usijilaumu. Jaribu tena mwezi ujao. Kama haiji kwa sababu huna nguvu hata ya kushika kalamu, rudi hatua ya pili na uende zahanati kesho asubuhi, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.